Kampuni Ikiondoka, Ardhi Inabaki kwa Nani?

   Sogezeni viti, tuongee.

Leo nataka tuzungumzie kampuni zinazofika vijijini na mambo mawili mkononi. Jambo la kwanza ni mbegu za mimea ya mafuta. Sisemi mafuta ya kupikia, la. Nasema mafuta ya kuendeshea magari, mitambo, na siku hizi hata ndege. Jambo la pili ni biashara ya kaboni, wengine huiita biashara ya hewa ukaa. Pengine kampuni moja inayabeba yote mawili: asubuhi inazungumza mbegu, jioni inazungumza kaboni. Gari linaingia, wageni wanapokelewa kwa mwenyekiti wa kijiji, vitabu vinasainiwa, na mkutano mkuu unaitishwa.

Sasa ndugu msikilizaji, katika mkutano huo utaulizwa maswali mengi na utasikia ahadi nyingi. Mimi leo nina swali moja tu, nami nitalirudia mara kadhaa ili hata anayefungua redio sasa hivi asipitwe. Swali lenyewe ni hili: kampuni ikiondoka, ardhi inabaki kwa nani?

Naona kuna anayetikisa kichwa huko. Anasema, "Ndugu mtangazaji, mbona una mkosi? Wageni hawajatua mizigo, wewe umeshaanza habari ya kuondoka!" Ndugu yangu, sina mkosi. Nina historia. Twende kwanza Kisarawe.

Kisarawe ipo Mkoa wa Pwani, si mbali na Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 2000 dunia ilipatwa na homa ya mmea unaoitwa mbono, wengine wanauita mbono kaburi. Unaufahamu, hata kama jina hulijui. Ni ule mti wanaoupanda kwenye uzio wa nyumba na kandokando ya makaburi, unaochomekwa kipande tu na kuota. Mbuzi hawaugusi. Watoto huchukua utomvu wake wakapuliza mapovu. Miaka nenda miaka rudi, kwetu mbono ulikuwa uzio na alama ya kaburi, basi.

Sasa kilitokea nini? Ulaya walikuwa wamejiwekea malengo ya kuchanganya mafuta ya mimea katika dizeli na petroli yao. Agizo la Umoja wa Ulaya lilitoka mwaka 2003. Halafu bei ya mafuta ghafi ikapanda, ikapanda, mpaka Julai 2008 pipa moja likafika dola 147. Watu wakaanza kutafuta mafuta kila mahali, na macho yakaangukia mbono. Mbegu yake ina mafuta takriban theluthi moja ya uzito wake. Ikasemwa: huu ni mti wa maskini, unaota kwenye ardhi mbovu, hauhitaji maji, haushindani na chakula. Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand ilirushwa kwa majaribio, injini moja ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya mbono, na sehemu ya mbegu zile ilitoka Tanzania. Hebu fikiria, mti wa kwenye uzio wetu umepaa angani!

Basi wawekezaji wakaja. Kisarawe ilikuja kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels. Ikapewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa ardhi ya vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Nasema tena: miaka 99. Mtoto aliyezaliwa siku hati ile inatolewa angekuwa mzee wa mkongojo kabla haijaisha. Watu waliahidiwa ajira, zahanati, visima, barabara, shule. Ajira zilikuja kweli, tusiwanyime haki yao. Mamia ya watu walipata kazi ya kufyeka, kupanda na kupalilia.

Lakini mwaka 2011 kazi ikasimama. Fedha ziliisha, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na kampuni ikauzwa kwa wengine. Wanakijiji wa Mhaga, kimojawapo cha vijiji vile, waliwaeleza waandishi wa habari kwamba hata sehemu walizokuwa wakichota maji na walikozika wazee wao zilikuwa zimeingia ndani ya shamba. Mbono wenyewe ulikuwa umefunika sehemu ndogo tu ya ardhi ile, kama robo hivi. Robo tatu zilizobaki zilikuwa pori lilelile la zamani, ila sasa wenye pori walilitazama kwa mbali.

Sasa niulize tena. Kampuni ilipoondoka, ardhi ilibaki kwa nani? Je, ilirudi kijijini? Haikurudi. Hati ilikuwepo, na hati iliuzwa pamoja na kampuni.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo, naomba tuende polepole. Kwa sheria ya Tanzania, ardhi imegawanyika makundi matatu: ardhi ya vijiji, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya jumla. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mambo makubwa yanapelekwa mkutano mkuu. Hayo yamo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Mwekezaji wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji kama ilivyo. Ili aipate, ardhi hiyo huhamishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, kisha ndiyo apewe haki ya kuitumia kupitia mamlaka ya serikali ya uwekezaji. Eneo likizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unatoa mapendekezo, na uamuzi unakwenda kwa Waziri.

Umesikia hapo? Ardhi inahama kundi. Na ikishahama, imehama. Kampuni ikifilisika mwaka wa tatu, hakuna kengele inayogonga na kusema, "Haya ardhi, rudi kwenu." Kuirudisha ni safari nyingine, yenye barua zake, nauli zake na miaka yake. Wanakijiji wengi walidhani wamekodisha. Walikuwa wamehamisha.

Tutoke Kisarawe, tuteremke kusini mpaka Kilwa. Huko ilikwenda kampuni ya Uholanzi, BioShape, nayo kwa ajili ya mbono. Hii ilitaka hekta 34,000 katika vijiji vinne: Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Ukifika maeneo hayo utakuta misitu ya pwani na miombo, nchi ya mpingo na mninga. Kampuni ilipanda hekta mia chache tu, ikasimamisha kazi mwaka 2009, na mwaka 2010 ikafilisika. Watafiti waliofuatilia waliandika pia kwamba sehemu kubwa ya fedha za fidia ilibaki halmashauri ya wilaya, vijiji vikapata sehemu ndogo.

Na Bagamoyo? Huko kampuni ya Sweden, SEKAB, ilitaka kulima miwa ya kutengenezea ethanoli kwenye iliyokuwa ranchi ya Razaba, na ilikuwa na mipango mikubwa zaidi kule Rufiji. Mwaka 2009 ikajitoa, mradi ukaenda kwa kampuni nyingine, nao haukufika popote. Leo sehemu ya ardhi ile inalimwa miwa ya sukari na kampuni ya kundi la Bakhresa. Sukari ya chai, si mafuta ya gari.

Msikilizaji, kabla hujaniambia kwamba kampuni zote hizi zilikuwa za matapeli, subiri. Sidhani hivyo. Nyingine zilikuja na wataalamu, matrekta na fedha za kweli. Zilichokosea ni kuamini mbono kuliko mbono ulivyostahili. Ngoja nikueleze kwa karibu.

Chukua kishada kimoja cha mbono mkononi. Utaona tunda moja ni la kijani, la pili ni la njano, la tatu limeshakauka na kuwa jeusi. Yote kwenye kishada kimoja! Huwezi kupitisha mashine ukavuna yote kwa pamoja. Mchumaji anachuma yaliyoiva, kesho kutwa anarudi kwenye mti uleule, wiki ijayo anarudi tena. Halafu anamenya, anaanika. Halafu kilo inauzwa bei ndogo. Mti wenyewe unachukua miaka kadhaa kabla haujazaa vizuri. Na ile habari ya ardhi mbovu? Ni kweli mbono haufi kwenye ardhi mbovu. Lakini kutokufa ni jambo moja, na kuzaa ni jambo jingine. Ukitaka uzae, unataka maji na rutuba kama mahindi. Na makapi yake baada ya kukamua yana sumu, huwezi kumpa ng'ombe. Mwishoni mwa 2008 bei ya mafuta ikaporomoka, mitaji ikakauka, hesabu zikagoma.

Kwa hiyo mazao yanaweza kushindwa. Hilo ni la kawaida kwa mkulima. Mwaka huu ufuta umekataa, mwakani unapanda mbaazi. Tofauti ni hii: mkulima mbaazi zikimkataa, shamba bado ni lake. Mbono ulipokataa Kisarawe, shamba halikuwa tena la mkulima.

Sasa nivuke mpaka kidogo, nikupeleke Makueni, Kenya. Julai 2022 kampuni ya Italia, Eni, ilifungua huko kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta, na Oktoba mwaka uleule shehena ya kwanza ikasafirishwa kwenda kwenye kiwanda chake cha Gela, kule Sicily. Zao linalozungumzwa zaidi ni mbarika. Sisi wengine tunaiita nyonyo. Hapa kampuni haikuchukua mashamba makubwa kwa hati. Inawapa wakulima mbegu, wao wanapanda kwenye vishamba vyao, kampuni inanunua.

Je, mambo yote yalikwenda sawa? Hapana. Ziliripotiwa lawama za wakulima kuhusu mavuno haba na malipo yasiyotosha. Lakini tazama tofauti. Mkulima wa Makueni mbarika ikimkatisha tamaa, anang'oa na kupanda ndengu. Amepoteza msimu, na msimu unauma, sikatai. Shamba hajapoteza. Kampuni ikiondoka leo, yeye kesho anaamka palepale.

Mnaona swali letu linavyofanya kazi? Halikuulizi kama mgeni ana sura nzuri. Halikuulizi kama zao ni jipya au la zamani. Linauliza: siku akiondoka, ardhi inabaki kwa nani?

Haya, tuhamie upande wa pili, kaboni. Najua wengi wenu mlikuwa mnasubiri hapa, maana simu nyingi za wasikilizaji zinauliza: "Hivi kweli mtu anaweza kulipwa kwa ajili ya hewa?"

Jibu ni ndiyo, ila lazima ujue analipwa kwa nini hasa. Mti unapokua unavuta hewa ukaa na kuhifadhi kaboni katika shina, matawi na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile inarudi angani na kuongeza joto la dunia. Kiwanda au shirika la ndege kule ng'ambo linachafua hewa. Likitaka kusema limefidia uchafu wake, linanunua krediti. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isiende angani au iliyovutwa kutoka angani. Wewe unalinda msitu, tani zinahesabiwa, mkaguzi anathibitisha, krediti zinauzwa.

Zinahesabiwaje? Hapa pia twende karibu. Watu wanaingia msituni, wanapima vipande vya eneo. Ndani ya kila kipande wanazungusha utepe kwenye shina la kila mti, usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Wanaandika aina ya mti na unene wake. Kutokana na hapo wanakadiria kaboni iliyomo. Kijana wa kijijini aliyesoma mpaka darasa la saba anaweza kufundishwa kazi hiyo akaifanya vizuri kabisa.

Ugumu upo kwenye hesabu ya pili. Mnunuzi analipia miti iliyookolewa, si miti iliyopo tu. Kwa hiyo lazima mtu akadirie: kama mradi usingekuwepo, msitu huu ungekatwa kiasi gani? Hapo ndipo panapoingia ujanja. Mtu anaweza kuja kudai zawadi kwa kuacha pombe, kumbe hajawahi kuonja hata tone. Na akisema zamani alikuwa anakunywa kreti nzima kwa siku, zawadi inazidi kuwa nono. Mradi ukisema msitu ulikuwa unakaribia kuteketea wote, wakati haukuwa na hatari hiyo, unauza tani ambazo hazipo. Mwaka 2023 mradi mkubwa wa Kariba, Zimbabwe, uliingia katika tuhuma za namna hiyo, na Oktoba mwaka huo kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikiuza krediti zake, South Pole, ikajitoa. Umesikia tena neno letu? Ikajitoa. Ikaondoka.

Lakini tusiseme mabaya tu. Ziko sehemu ambako kaboni imeleta tija, na ni haki tuzitaje.

Nenda Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Huko vijiji 8, Katuma na Mwese vikiwemo, vinahifadhi misitu ya milima ya Ntakata, makazi ya sokwe, na vinauza krediti kwa kushirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania. Fedha zimejenga madarasa na zahanati, zimelipia watu bima ya afya. Na jambo la kulitilia mkazo ni hili: misitu ile ni misitu ya vijiji. Ilitengwa katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vyenyewe. Hati haikuhama.

Nenda pwani ya Kenya, Kwale, kwenye vijiji vya Gazi na Makongeni. Wanao mradi wao wa mikoko, Mikoko Pamoja, tangu mwaka 2013. Ni mdogo, hekta 117 tu, na huuza karibu tani 3,000 kwa mwaka. Lakini wenye kuuza ni kikundi cha wanakijiji wenyewe, wakisaidiwa na watafiti wa bahari. Wanakutana, wanaamua: mwaka huu maji ya bomba, mwaka huu vitabu vya shule. Mtafiti akiondoka kesho, mikoko ipo na kamati ipo.

Na kuna somo jingine kutoka Kenya, kaskazini. Kule kwenye nchi ya wafugaji kuna mradi mkubwa mno wa kaboni ya udongo, unaosimamiwa na shirika la Northern Rangelands Trust katika hifadhi za jamii. Hati za ardhi hazikuchukuliwa na kampuni, lakini baadhi ya wafugaji walilalamika kwamba hifadhi zimeanzishwa na malisho yanapangwa bila wao kushirikishwa ipasavyo. Wakaenda mahakamani. Januari 2025, mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi zilizohusika zilianzishwa kinyume cha sheria kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa.

Hapa swali letu linahitaji nyongeza kidogo. Kwenye mbono, hati ilihama. Kwenye kaboni mara nyingi hati inabaki, ila mikono inafungwa. Mkataba wa kaboni unaweza kuwa wa miaka 30 au 40. Ndani ya miaka hiyo hukati miti, hufungui shamba jipya, pengine hupeleki ng'ombe sehemu fulani kipindi fulani. Mjukuu wako atakuta mkataba ule. Kwa hiyo kwenye kaboni usiulize ardhi ni ya nani peke yake. Uliza pia: nani ana sauti ya kusema itumikeje?

Sheria zimeanza kuamka. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya ilirekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023, na kwa miradi ya ardhi jamii inatakiwa ipate asilimia isiyopungua 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni hatua nzuri. Lakini sheria inakaa kwenye kabati la Dodoma au Nairobi. Anayeitoa kabatini na kuileta kwenye mkutano mkuu ni wewe.

Basi wasikilizaji, tufunge mazungumzo kwa mambo ya kufanya. Ni matatu. Mwenye kalamu aandike, asiye na kalamu aweke kichwani.

La kwanza: ulizeni ardhi inabaki katika kundi gani. Mgeni akisema "tunataka kuwekeza," mwambieni, "Ahsante, karibu sana. Je, ardhi hii itabaki ardhi ya kijiji, au mnataka ihame?" Akisema ihame, kikao kisifungwe siku hiyo. Nendeni mkalale, mkaitishe kikao kingine, mkamtafute mwanasheria au mashirika yanayosaidia haki za ardhi. Kama zao linaweza kulimwa na wanakijiji kwenye mashamba yao wenyewe, kampuni ikanunua tu mavuno, kwa nini ardhi ihame?

La pili: ulizeni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wakiwaambia asilimia fulani, ulizeni asilimia ya nini? Ya mauzo yote, au ya kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake? Kwa sababu asilimia 60 ya kinachobaki inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 30 ya mauzo. Krediti zimeuzwa ngapi, kwa bei gani, kwa nani? Fedha zinaingia akaunti ya kijiji, au zinapitia kwa mtu mwingine kwanza? Taarifa hizo zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, si kwa lugha ya kwenye mkataba.

La tatu, na ndilo kubwa: ulizeni mwisho wake. Mkataba useme wazi: kampuni isipofanya kazi kwa muda fulani, ardhi inarudi. Kampuni ikifilisika, haki zake zisiuzwe kwa mtu mwingine bila idhini ya kijiji. Kampuni ikiondoka, mitambo, visima na barabara zinabaki za nani? Na kila ahadi ya zahanati au kisima iandikwe, iwe na tarehe. Ahadi ya mdomo inaondoka na mdomo ulioitoa.

Narudia kwa kifupi kwa aliyechelewa: moja, ardhi inabaki kundi gani, mbili, hesabu iko wapi, tatu, mwisho wake ni upi. Ardhi, hesabu, mwisho.

Najua yupo kiongozi anayenisikiliza na kusema, "Huyu atawatisha wawekezaji." Mheshimiwa, kwa heshima zote, mwekezaji mzuri hatishwi na swali. Mwenye nia ya kukaa miaka 30 anataka majirani waliokubali kwa macho wazi, wasije wakachoma shamba au kwenda mahakamani mwaka wa tano. Waliopoteza Kisarawe na Kilwa si wanakijiji peke yao, hata fedha za wawekezaji zilipotea. Maswali yangeulizwa mapema, pengine wote wangepona.

Na turudi Kilwa kidogo, maana nisiwaache na huzuni tu. Baada ya BioShape kuanguka, vijiji vya Nainokwe na Liwiti viliingia katika mpango wa kusimamia misitu yao wenyewe kama hifadhi za misitu ya vijiji, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wilaya hiyohiyo tayari ilikuwa imeweka historia: mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cheti cha FSC, cha kwanza kwa misitu ya asili inayomilikiwa na jamii barani Afrika. Mti mmoja wa mpingo unauzwa kwa utaratibu, kijiji kinapata fedha, msitu unabaki. Mbono uliahidi mamilioni ukaondoka. Mpingo ulikuwepo muda wote.

Kwa hiyo ndugu msikilizaji, mkutano mkuu wa kijiji chako ukiitishwa, usikae nyumbani ukasema mambo ya ardhi ni ya wazee wa kamati. Nenda. Wanawake mwende, maana ninyi ndio mnaolima na kuchota maji. Vijana mwende, maana mkataba wa miaka 30 ni wenu kuliko wa mtu mwingine. Ombeni kusoma muhtasari wa mkutano kabla haujasainiwa, na mkishausaini, kijiji kibaki na nakala yake. Na kabla ya kuinua mkono wa ndiyo, simama, toa salamu, kisha uliza bila haya: kampuni ikiondoka, ardhi inabaki kwa nani? Jibu likiwa la kusuasua, mkono ubaki chini.